Mgonjwa wa Ndani ya Aproni

Kipupwe chote, mwenye bucha wa mji wa Mildura, Australia, alimbeba kifuani, ndani ya aproni, mjusi mwenye ndevu za miiba shingoni aliyetelekezwa na wapangaji wa jirani, mbavu nje. Mikono ileile ya kupasua mifupa ilimdondoshea uji wa boga mdomoni, tone kwa tone. Noelene, mteja wake, akija kununua soseji alikuwa akiambiwa kwa sauti ya chini, "Ingia mwenyewe chumba cha baridi, dada. Mimi nina mgonjwa."

"Mgonjwa au bosi?"

"Vyote viwili."

Noelene alimwona ni mjusi wa kufa tu, ila hakuthubutu kusema. Leo kamkuta chini ya taa ya joto. Mwenye bucha alipomsogezea kidole, ndevu zilivimba, zikawa nyeusi tititi, mjusi akamng'ata.

"Amepata nguvu za kunikasirikia," mwenye bucha akanong'ona. Kisha akaingia mwenyewe kwenye baridi kuchukua soseji, akakawia kutoka. Noelene alimsikia akivuta kamasi, hakumharakisha.