Ushuhuda wa Kifua Changu

Jumapili kanisani hapa Kibugu nilishuhudia kwa Kiembu kwamba pumu haijanishika tangu Krismasi. Mama Njeru, aliyekuwa akimtafsiria pasta mgeni kwa Kiswahili, akasema Mungu ameniponya kabisa. Ningemsahihisha, lakini vigelegele vilishaanza, na mimi sifa sizikatai. Kina mama wakanizunguka wakicheza, wakikanyaga kwa nguvu mpaka vumbi la sakafu likapanda. Kifua kikabana. Nilivumilia hadi nikaanza kukoroma kama jiko la presha, ndipo nikachomoa inhela kwenye sidiria nikavuta, kanisa zima likiangalia.

Pasta akanisogezea maikrofoni. "Mama, si umepona?"

Aibu ilikuwepo, lakini pumzi kwanza. Nikavuta mara ya pili.

"Hii ndiyo imenifikisha hapa, pasta. Na kabla ya wimbo mwingine, hiyo sakafu imwagiwe maji."