Dakika Ishirini za Mwisho

Siku yangu ya kwanza redioni niliingia nimeshika viatu mkononi, kwa sababu ya tope la mtaa wa Kadutu. Mkurugenzi wa Vipindi aliitazama miguu yangu, akanipa karatasi.

"Hii ni fiche. Kila juma masalle ya sinema ya hapa Bukavu yanaleta filme mpya tatu, ine. We unaona zote. Siku ya Ijumaa unaambia watu moja ya kuenda kuona."

"Ile iko muzuri kupita zingine?"

"Muzuri kwa nani, maman? Andika mutu kwanza, filme nyuma."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mstari wa kwanza wa fiche ulikuwa wa mtu: mwalimu aliyechoka, wachumba wenye haya, nyanya aliyetoka kuzika. Kisha lugha ya filamu, na kama salle ina mfasiri, yule anayesimama kando ya pazia akiyageuza maneno kwa Kiswahili na kutia mizaha yake. Mstari wa mwisho uliitwa "kinachoumiza": jambo la filamu linaloweza kumtonesha mtu huyo. Huo haukujazwa kabla ya filamu kuisha.

Mimi niliujaza mapema mara moja tu.

Ilikuwa filamu ya baba anayewafundisha watoto wake kupika mandazi, na kila siku yanaungua. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, umeme ukakatika. Mfasiri akacheka: "Maman, rudia nyumbani. Vile ilianza, njo vile itaisha." Nikaandika: hakuna. Ijumaa nikasema hewani kwamba ni filamu inayoifaa familia iliyosahau kucheka.

Jumatatu alikuja mama mmoja, mzaliwa wa Minova, muuza vitunguu kwenye soko la Kadutu. Alikataa kiti.

"Ni we ulisema familia yenye ilisahau kucheka?"

"Ni mimi, maman."

"Tulicheka. Mutoto wangu mudogo alicheka mupaka akashikwa na kikwikwi. Kisha ku mwisho mutumbwi ikapinduka, yule papa wa mandazi akazama. Baba yao alikufia mu lac, mu maji vile vile. Sasa mudogo anakatala hata kunawa uso. We uliona mwisho?"

"Sikuuona."

Aliondoka bila kunigombeza. Mkurugenzi, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, alisema tu: "Ijumaa utaambia watu kama haukuona mwisho." Nikawaambia. Mtangazaji wa michezo akanibatiza Maman Nusu-Filme, na jina hilo lilinifuata hata nilipohamishiwa Kavumu miaka kadhaa baadaye.

Lakini tangu juma lile, juu ya kila fiche niliandika mtu mmoja: mudogo wa Minova. Majuma saba yakapita. Filamu zilikuwa nzuri kwa askari, kwa wapenzi, kwa wanafunzi wa chuo, yake haikuwemo. Juma la nane ikaja filamu ya bata aliyepotea mjini, anayetafuta njia ya kurudi majini. Niliitazama mara mbili, hadi majina ya wapiga picha yalipomalizika. Kisha nikashuka sokoni kumwambia mama wa mtoto mwenyewe, mbele ya vitunguu vyake.

"Sasa uliona yote?" aliuliza.

"Yote. Mara mbili."

Jumapili baada ya misa niliketi nao kwenye salle. Bata alipofika ukingoni mwa maji, mtoto alinishika mkono kwa nguvu.

"Itazama?"

"Haizami. Niliangalia mupaka mwisho."

Alinitazama usoni muda mrefu kuliko alivyoitazama filamu. Kisha akaniachia mkono, akaanza kucheka. Kesho yake mama yake alituma mtu redioni na fungu la vitunguu na ujumbe wa maneno mawili: amenawa uso.

Nimestaafu sasa. Vijana wa leo wana filamu nyingi ndani ya simu kuliko nilizoona maisha yangu yote, nao huchagua kwa kutazama picha ya jalada tu. Siwalaumu, mtu mmoja hawezi kuziona zote. Ninachowaomba wanaofanya leo kazi hii ya kuwachagulia watu filamu ni wamjue mtu mmoja, wamwandike juu kabisa.

Wangu, yule mudogo wa Minova, sasa ni fundi seremala huko Mudaka, baba wa watoto watatu. Kila Ijumaa ananipigia simu.

"Maman, juma hii batoto waone nini?"

Namtajia moja. Ananishukuru, lakini hakati simu.

"Na mwisho?"

"Niliuona, mwanangu."

Hapo ndipo huwaita watoto.