Nyasi Mbichi Kwenye Jiwe la Chemchemi

Kilima cha kwenda Dongobesh kilikuwa na wenyewe nilipokuwa mtoto. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwahi kuwataja kwa jina. Alisema tu kwamba wanakaa kwenye chemchemi iliyo katikati ya mwinuko, pale kwenye kona, na kwamba anayepita bila kuweka nyasi mbichi juu ya jiwe la pale hafiki juu salama. Wa miguu atashikwa na kichomi. Wa baiskeli, cheni itachomoka.

"Ukimpita mzee bila shikamoo, atafurahi?" aliniuliza. "Basi na pale ni hivyo hivyo."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na maneno hayo yalimkera kweli kweli. "Mama, usimtishe mtoto. Cheni inachomoka kwa sababu imelegea."

Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari, ng'ambo ya kilima. Bweni halikuwepo, na kwa miguu ningefika vipindi vimeshaanza. Ilibaki baiskeli ya baba, nzito kama ndama, na baba hakuamini kwamba msichana mwembamba kama mimi ataiweza. Akanipa sharti: Jumamosi nipande kilima chote bila kushuka. Nikishindwa, nibaki nyumbani hadi mwakani, nikomae kidogo. Niliwajua wasichana walioambiwa "hadi mwakani". Waliolewa kabla mwakani haujafika.

Ijumaa nilijaribu kwa siri. Nilikusudia kuipita chemchemi kwa nguvu zote bila kutazama pembeni. Kwenye kona ile ile cheni ikachomoka, nikaanguka, goti likachubuka. Nililia sana, wala sikulilia goti. Nikishuka kuweka nyasi, nimevunja sharti la baba. Nisiposhuka, kilima kinanikataa. Nilimchukia baba, nikamchukia na bibi, kisha nikarudi nyumbani nikiikokota baiskeli.

Jumamosi asubuhi baba alitangulia kwa miguu ili anisubiri juu. Kona ilikuwa inaificha chemchemi, kwa hiyo asingeniona. Nilipoikaribia, macho yalikwenda yenyewe kwenye jiwe. Juu yake palikuwa na nyasi mbichi, zimetoka kung'olewa sasa hivi. Nilizitazama, nikaishiwa ubishi. Nikashuka. Nikang'oa zangu, nikazilaza kando ya zile, nikanywa maji, nikakaa hadi moyo ukatulia. Halafu nikapanda tena, nimesimama juu ya pedali, nikienda upande huu na huu kama wanaume wanaobeba magunia ya vitunguu swaumu. Cheni ilitulia.

Baba alikuwa amesimama juu, mikono nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshuka?"

Ningeweza kudanganya, lakini pumzi zenyewe sikuwa nazo. "Nimeshuka, baba. Pale kwenye chemchemi."

Alitazama barabara ya Dongobesh. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuiaga shule. Kisha akaleta mikono mbele kunipokea baiskeli, nikaona vidole vyake vina ukijani wa nyasi.

"Pale si kushuka," alisema. "Pale ni kusalimia."

Jumatatu nilikwenda shule. Bibi hakuuliza kitu. Alinipaka mafuta kwenye goti na kuniambia nisichelewe.

Siku hizi napanda kilima hicho kwa pikipiki, dawa za mifugo zimefungwa nyuma, nikienda kutibu ng'ombe wa watu. Kwenye kona bado nasimama, na vijana wa bodaboda wananicheka. Wacha wacheke. Wenye kilima sijawahi kuwaona, na sijui kama wapo. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile mzee wa kanisa aliinama peke yake mbele ya jiwe ambalo hakuliamini, kwa sababu alitaka nifike.