Emerance na Mulango wa Zamani

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini kazi ya Emerance, mutoto wangu wa mwisho, ninaieleza vizuri kuliko wakubwa wake.

Shirika lao la Ndosho, hapa Goma, liligawa unga kwa wakimbizi. Majina yetu yalikaa katika mashine za mbali, wanaita wingu. Mugawaji akishika telefone, mashine inamuuliza kwanza, kama mulangoni: wewe ni nani? Mulango wa zamani uliuliza jina na neno la siri tu, kisha ukaonyesha watu wote. Mulango mupya uliuliza pia kituo, na ukaonyesha watu wa kituo hicho peke yao. Emerance alihangaika miezi sita kuhamisha telefone moja moja kwenye mulango mupya. Kituo cha Mugunga alikimaliza. Kulibaki Rumangabo, waasi wakakata barabara.

Kule kulikuwa na telefone mbili, bado za mulango wa zamani, ya Aubin na ya Kanyere, wagawaji. Kwenye foleni ya Kanyere alisimama mudogo wangu Nyiransabimana na wajukuu wake wanne. Siku moja asubuhi Aubin akapiga simu kutoka Uganda: amekimbia, waasi wamemunyanganya telefone.

Emerance akarudi nyumbani na mashine yake, akaiweka mezani.

“Ninafunga mulango wa zamani, mama.”

“Ukifunga, Kanyere atagawa na nini? Mama yako mudogo atakula majani?”

“Nikiacha wazi, watasoma kila mutu alikimbia kutoka wapi, na vijana wake wako wapi leo.”

“Mubadilishie Kanyere neno la siri.”

“Nitamwambia kwa njia gani? Simu za Rumangabo zimekatwa. Antena ya kituo inapitisha kazi ya unga tu.”

“Hao waasi wanajua neno?”

“Ni tarehe ya volkano. Wagawaji wote, vituo vyote. Nikifunga jina la Aubin, wataandika la Kanyere.”

“Tarehe ambayo hata mbuzi wa Goma anaijua. Mwenye akili gani aliichagua?”

“Mimi, mama. Siku ile tulirudi kutoka Sake tulikokimbilia, lava ilikuwa bado na moto, sikuwa na neno lingine kichwani.”

Nikamwambia asifunge. Nikamwambia mimi ndiye niliyemuzaa, na Nyiransabimana ndiye aliyemubeba mugongoni. Akafunga mbele yangu, saa ine ya asubuhi.

Unga wa Rumangabo ulibaki ndani ya depo mpaka wenye bunduki walipoubeba. Mujukuu mudogo wa Nyiransabimana hakufika mwezi wa kumi na mbili, njaa ilimubeba.

Emerance aliacha kazi ile. Leo anauza makala ya kupikia Ndosho na hatazami watu usoni. Wale ambao majina yao hayakusomwa wanapita kununua, wanamuomba apunguze bei kama mutu yeyote. Hawajui kitu. Mimi ninajua alifanya sawa, na kinywa changu kimekataa kumwambia.

Nyiransabimana alifika kwetu baada ya mwaka. Kila mara ananiuliza kwa nini siku ile mashine ya Kanyere haikumujua yeye. Ninamujibu sijui.