Mkono wa Kola

Mafundi wakisimulia mkasa huu, wanaanza na kifafa. Mimi naanza na pasi ya mkaa, ile nzito ya kulazia mishono, maana kifafa hakina meno wala moto.

Mdogo wangu tunamwita Kola, kwa kuwa kola ya shati akiishona yeye inakaa shingoni bila ubishi. Kifafa anacho tangu utotoni. Anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi kilikuwa kimetulia hata sisi tulianza kukisahau. Kisha zahanati ikaishiwa dawa. Njoo kesho, njoo kesho, kana kwamba ugonjwa nao unajua kupanga foleni.

Karakana ya ushonaji anakofanyia kazi inapakana na kibanda changu cha vifungo na nyuzi. Siku moja nilikuwa nimekwenda kuchukua mzigo. Narudi, nakuta mafundi wote wamesimama barabarani, wengine na futi za kupimia shingoni. Fundi Mkuu amejiziba pua.

"Kuna nini?"

"Kola kaanguka."

"Nani yuko naye ndani?"

"Dada, usiingie! Akijamba ukaivuta hiyo hewa, umekwisha, kinahamia kwako."

Haki ya Mungu, mzee mzima, mvi kichwa kizima, amekimbia karakana yake mwenyewe kwa kuogopa ushuzi! Ningecheka, kama aliyeachwa mle ndani si damu yangu. Nilimpiga kikumbo nikaingia.

Kifafa kilikuwa kimeshapita. Kola alikuwa amelala kando ya meza, anakoroma kama mtu aliyechoka, na pasi imemlalia mkono wa kulia. Nyama ilikuwa inanuka. Niliipiga teke pasi, nikamgeuza ubavu, nikamfuta mate kwa kanga yangu. Mate tu, jamani! Mate kama ya mtoto mchanga. Nilipiga ukelele, na hata hapo hakuna aliyevuka kizingiti. Dereva wa teksi aliyekuwa anapita ndiye aliyenisaidia kumbeba.

Hospitalini daktari alisema kidonda kitapona, lakini kidole gumba na cha shahada havitakunjika tena. Kola hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Sindano je?" Daktari akageuka kunitazama mimi. Nilitamani kumrushia kiti, ingawa yeye hakukosa lolote.

Siku ya tatu mafundi wakaja kumjulia hali, wakajipanga mlangoni, wala hakuna aliyesogelea kitanda.

"Pole sana, mwanangu," akasema Fundi Mkuu. "Ugonjwa huu mbaya, ona ulivyokuunguza. Lakini ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki."

"Ugonjwa ndio umemuunguza?" nikafoka. "Ugonjwa una mkaa? Wewe mzee, huna haya?"

"Dada, niachie," Kola akasema. Huyu ni mtu asiyejua kugombana hata na nzi. Alijiinua kwenye mto, mkono umefungwa hadi kiwikoni. "Fundi, mimi sikumbuki kitu. Niambie wewe uliyekuwepo. Mlikaa nje muda gani mpaka dada alipokuja?"

Fundi Mkuu akakohoa. "Unajua, mwanangu, sisi tulidhani..."

"Nimeuliza muda, Fundi."

Mzee akatazama wenzake, wenzake wakatazama sakafu. Kola hakumwondolea macho, akawa anangoja jibu.