Mtani Aliyeandika Chini ya Picha ya Marehemu

Mama wa msanii tunayempenda alipofariki, rafiki yangu wa Handeni aliandika chini ya picha ya marehemu kwenye ukurasa wa msanii: "Huyu Mnyamwezi nani kamruhusu kuondoka? Mkonge wetu kauacha nusu mstari. Hazikwi mtu mpaka amalize." Akaweka na vikatuni vitatu vya kucheka. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametukanwa na watu wa mikoa asiyowahi kuikanyaga, na kundi la mashabiki aliloanzisha mwenyewe lilikuwa limemtoa.

Nieleze kwa mpangilio, maana mtandaoni habari hii ilisimuliwa kuanzia mwisho.

Msanii huyo amekulia Kilole, hapa Korogwe. Babu yake mzaa mama alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, asirudi tena kwao; marehemu naye aliukata ujanani. Rafiki yangu ni mwanamke wa Kizigua, fundi cherehani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana kazi yake msibani. Huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, huwachokoza wafiwa mpaka aliyekataa kula acheke na apokee uji. Mtani asipotokea, watu huuliza ana kinyongo gani.

Kundi lile alilianzisha wakati msanii bado anaimba kwenye harusi za huku kwetu. Sare za kwanza za mashabiki alizishona yeye. Yangu ninayo mpaka leo, inabana kwapani. Kundi lilipokua, akawakaribisha wasimamizi wengine, akiwemo binti mmoja wa Mbeya, hodari wa kuhamasisha watu wapige kura za tuzo. Rafiki yangu alikuwa akiamka hufungua kundi kwanza, dirisha baadaye.

Siku ya picha ile alinipigia simu mwenyewe. "Nimeshatanguliza salamu za mtani," akasema. "Kesho nakuja kumalizia kazi."

Hakuwa amesoma majibu. Mimi ndiye niliyemsomea, nikiruka yale ambayo ulimi ulikataa. Akauliza, "Kwani hao ni ndugu zake wa upande gani?"

"Siyo ndugu zake. Ni mashabiki."

"Basi wamuulize mwenyewe mimi ni nani."

Nilimpigia binti wa Mbeya, ndiye aliyemtoa kundini, nikiwa nimejiandaa kugombana. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, na ugomvi ukapungua hapo hapo.

"Dada, mimi mama yangu nimemzika mwaka jana," akasema. "Naamka naona mtu anacheka chini ya picha ya marehemu. Ningefanyaje?"

Nikamweleza habari ya utani.

"Hata sisi tuna watani. Lakini mtani anakuja, namwona uso, nasikia na sauti yake. Huyu nimeona maandishi tu. Msanii akisema neno moja tu, kwamba yule ni mtani wake, namrudisha dakika hiyo hiyo. Bila hivyo watanila mimi."

Mpaka leo sioni kosa lake.

Kesho yake nilidhani rafiki yangu angekuja kimya. Alifika Kilole, akawaamkia wazee, akaomba kanga ya marehemu akajifunga. Panga hawakumpa, akachukua mwiko. Akaanza kukata mkonge wa kufikirika pale uani, ameshika kiuno, akiguna kama alivyokuwa akiguna marehemu. Alipofika mlangoni akalala kizingitini.

"Hatoki mtu. Mstari haujaisha."

"Toka hapo, Mzigua," akasema mjomba wa msanii, aliyekuwa akisimamia msiba. "Unanuka mahindi ya wizi."

"Niliyaiba shambani kwako, mtani. Yalikuwa na funza."

Kina mama waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Msanii, aliyekaa karibu na kizingiti, hakuwa ameonja kitu tangu jana yake. Aliinua uso, akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya kanga ile ile, akaomba uji. Nilikuwa hatua tano kutoka pale alipokaa.

Video iliyosambaa jioni ilipigwa na shabiki mmoja aliyetoka Dar. Ni ya sekunde chache: mwanamke mwenye mwiko amelala mlangoni pa msiba. Kicheko cha msanii hakimo. Matusi yakaanza upya.

Baada ya mazishi mjomba alimwita pembeni. "Mwanangu, kutania hukukosea. Umetania kabla ya kuingia uani. Mtani hupiga hodi kwanza."

"Nilipiga, mzee. Kwenye simu."

Mzee akacheka, lakini hakumwambia kwamba yamekwisha.

Msanii alirudi Dar bila mtu yeyote kumgusia habari ya kundi. Nani angemgusia, kaburi likiwa bichi? Rafiki yangu yuko Handeni anashona. Akinipigia simu huanza na mambo ya vitambaa, halafu huuliza kama kuna lolote kundini. Nami humsomea.

Ukurasa wa msanii una watu wa kuusimamia, na lugha chafu huwa wanaifuta upesi. Jana niliifungua tena ile picha. Maneno mengi yaliyoandikwa siku ile yameondolewa, matusi na hata baadhi ya rambirambi. Ya rafiki yangu bado yapo, pamoja na vikatuni vyake vitatu. Hayajafutwa, na hayajajibiwa.