Mnada wa Jogoo Asiyekuwepo

Kanisani kwetu Kiplombe, mgeni hupewa kabichi. Baada ya ibada tunapiga mnada wa vitu ambavyo waumini wametoa shambani: mayai, ndizi, kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, wakati mwingine jogoo aliyefungwa miguu, ambaye ameshawika katikati ya mahubiri na kueleweka kuliko mhubiri. Mwenyeji akinunua kitu humtunuku mgeni. Mgeni mwenyewe haulizwi bei. Shemasi humruka kama anavyoruka watoto. Ni desturi njema, na nimeitetea kwa maandiko miaka mingi.

Kisha mama mmoja akanisimamisha mlangoni. Ni mjane, alihamia kutoka magharibi kuuza mitumba mjini.

"Mzee, niombee. Nataka kuhamia kanisa lingine."

"Tumekukosea nini, mama?"

"Kabichi."

Nikadhani ilikuwa imeoza.

"Ilikuwa nzuri. Lakini nilikuja hapa mahindi yakipandwa, sasa yamevunwa, na bado ninapewa kabichi. Nitakuja Jumapili ijayo niwaage."

Nilienda nyumbani nikaomba. Mungu, ambaye ucheshi wake tunauficha watoto wasijue, alikuwa ameshajibu kupitia binti aliyevaa suruali.

Huyo ni mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, amepanga chumba huko Kesses. Alikuwa ameomba ruhusa kuwachezesha watu wazima, kwa sababu wakati wa chai kila kabila hukaa na thermosi yake. Wazee tulijadili kama michezo imo katika Biblia. Mmoja alisema haimo. Nikamwambia hata mikutano hii yetu haimo, na bado tunaivumilia.

Kwa hiyo Jumapili hiyo tulisimama kwenye duara, mama wa mitumba karibu na mlango. Binti akaeleza: unashika kitu ambacho hakipo, unampa jirani, naye anakipokea kama kilivyo na kuendelea nacho.

"Hakuna kukataa," akasema. "Ukipewa, umepewa."

Mimi nilipewa sahani ya ugali wa moto. Nikafumba macho nikauombea, kwa mazoea. Nilipofumbua, duara lote lilikuwa limeinamisha vichwa.

"Amina," akasema mtu. "Lakini Mzee, ugali umepoa."

Nikauweka chini, nikamkabidhi jirani yangu jogoo. Hapo ndipo nilipokosea, maana jirani yangu alikuwa shemasi wa mnada, mwenye duka, na mtu huyo hawezi kushika jogoo bila kumuuza. Akamwinua kwa miguu.

"Jogoo huyu. Nani anaanza?"

Binti alinyoosha mkono kumzuia. Mfugaji mmoja kutoka Kapseret alikuwa ameshataja bei.

"Amekonda," akalalamika mwingine.

"Amekonda? Shika paja hili."

Wakapandishiana bei. Shemasi akazunguka na jogoo wake, na alipofika kwa yule mama akamruka, kama kawaida.

"Naongeza," mama akasema.

Shemasi akageuka. "Mama, wewe ni mgeni. Tulia, tutakununulia."

"Sitaki kununuliwa. Nimesema naongeza."

Nilitazama viatu vyangu, nikaomba kwa haraka nisiyoizoea. Kisha mfugaji wa Kapseret, Mungu ambarikie ng'ombe zake, akafanya jambo la adabu kabisa: akapandisha bei dhidi yake. Mama akaongeza. Akapandisha tena. Mama akaongeza tena.

"Chukua," mfugaji akasema. "Huyu mama atatumaliza."

Mama alimpokea jogoo, akambana kwapani. Chai ilipokuja aliinywa kwa mkono mmoja, kiwiko kimeinuka kidogo asimbane sana.

Kuhusu kuhama, hakuniambia lolote. Jumapili iliyofuata niliimba nikitazama mlango, na wimbo wa pili ukiendelea akaingia. Mnadani shemasi aliinua kabichi, akamnyooshea kidole kabla ya mtu yeyote.

"Wewe mama wa mlangoni, anza. Jogoo wetu umemla peke yako, hata shingo hukutuachia."

"Alikuwa mgumu," akajibu. "Mpaka leo yuko jikoni anachemka."

Akataja bei. Walimpandishia bila huruma, akashinda, akasimama na kabichi yake akitafuta wa kumtunuku.

"Nampa Mzee. Ale, apunguze maombi marefu."

Walicheka hata wale niliowabatizia watoto. Niliibeba hadi nyumbani, na mezani niliiombea kwa ufupi.